Kurudisha Kilichoibwa

Jumapili ya 31 ya Mwaka C
Masomo: Hek 11:22–12:2, 2 Thes 1:11–2:2, Lk 19:1–10



Injili ya leo twaifahamu tangu utoto wetu. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, mtu tajiri na mfupi wa kimo, apanda mkuyu ili amwone Yesu anayepita. Mkuyu huo twaukumbuka sana. Pengine hatukumbuki vema yaliyotokea baada ya Zakayo kushuka. Alisimama mbele ya Bwana, akaahidi mambo mawili: nusu ya mali yake atawapa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hapo ndipo Bwana alipotangaza kwamba siku ile wokovu umeifikia nyumba ile.

Hivyo toba ya Zakayo haikuwa machozi tu. Ilikuwa na miguu na mikono. Makatekista wanaonisikiliza wanajua jinsi wanavyowafundisha watoto wa kitubio: aliyeiba kuku hatoshi kusema amejuta; amrudishie mwenyewe kuku wake. Na mara nyingi mtoto mmoja mwerevu huuliza: "Je, kama kuku amekwisha kuliwa?" Swali hilo ni zuri, nami nataka tulitafakari pamoja leo. Tufanyeje pale ambapo kilichoibwa hakiwezi kurudishwa kama kilivyokuwa?

Somo la kwanza, kutoka Kitabu cha Hekima, latuambia kwamba mwenye mali ni nani. Ulimwengu mzima, asema mwenye hekima, mbele ya Mungu ni mdogo kama chembe iliyo katika mizani, ni kama tone la umande wa alfajiri. Hata hivyo Mungu hakichukii chochote alichokiumba. Angekichukia asingekiumba. Yeye huvihifadhi vyote kwa sababu vyote ni vyake, naye ni mpenda uhai. Basi, anayeharibu kiumbe kwa tamaa haibi mali ya serikali peke yake, wala mali ya watalii. Ameingia katika shamba la Mungu usiku.

Wapenzi wasikilizaji, nitatoa mfano wa kiumbe mmoja ambaye kizazi chetu nusura kimwibe chote asibakie: faru, ambaye wengine humwita kifaru.

Faru mweusi ni mnyama anayeogopwa, na kweli akikasirika ni mkali. Lakini macho yake ni hafifu. Hutegemea pua na masikio. Hali nyama ya mtu wala mazao mengi ya mtu. Mdomo wake wa juu umechongoka ili ashike matawi na majani ya vichaka. Faru jike huchukua mimba kwa muda wa miezi 15 hivi, huzaa ndama mmoja tu, na ndama huyo humfuata mama yake kwa miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo risasi inayompata mama kwa dakika moja yaweza kuua na ndama aliye nyuma yake, na pengo hilo halizibwi kwa mwaka mmoja wala miwili.

Mnamo mwaka 1970 faru weusi wa Afrika walikadiriwa kuwa 65,000. Kufikia mwaka 1995 walibaki 2,400 hivi. Fikiri, msikilizaji, juu ya kijiji chenye nyumba mia moja, ukapita muda wa kijana kuzaliwa, kukua na kuoa, ukarudi ukakuta nyumba nne. Kenya peke yake ilikuwa na faru wapatao 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Hapa Tanzania, katika bonde la Ngorongoro, mtaalamu mmoja wa miaka ya 1960 aliwatambua faru zaidi ya 100, mmoja mmoja. Katika miaka ya 1990 walikuwa hawazidi 20. Huko Serengeti, palipokuwa na faru kwa mamia, walibaki wachache kwenye miamba ya Moru, ambao ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Walikufa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya pembe. Na pembe ya faru si mfupa wala si pembe ya ndovu. Imefanyika kwa kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na nywele zetu. Huko Yemen ilichongwa kuwa mipini ya majambia, ambayo vijana waliopata fedha za mafuta katika miaka ya 1970 waliitamani kama alama ya heshima. Katika nchi za Mashariki ya Mbali ilisagwa kuwa dawa. Mkataba wa mataifa ulipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1977, lakini sheria iliyoandikwa haikuzima tamaa iliyokuwa moyoni. Na ajabu ya huzuni ni hii: pembe ikikatwa kwa uangalifu huota tena, kama ukucha. Hata kwa hesabu ya mwenye tamaa, haikuwa lazima mnyama afe.

Tukisikia hayo, twaharakisha kumtafuta mwizi mbali: ni wale wa Yemen, ni wale wa Mashariki. Lakini tusiwe kama umati wa Yeriko, uliomnung'unikia Zakayo usijitazame wenyewe. Huko Makueni, Kenya, kati ya mwaka 1944 na 1946, mwindaji aliyetumwa na serikali ya kikoloni aliua faru karibu 1,000 ili kusafisha nchi kwa ajili ya mashamba. Alifanya hivyo mchana, kwa amri na kwa mshahara. Na ujangili nao hauna mikono miwili tu. Yuko mnunuzi wa mbali, yuko mwenye bunduki, yuko anayeficha mzigo dukani kwake, yuko ofisa anayefumba macho. Na mwishoni kabisa yuko kijana wa kijijini, anayejua njia ya kwenda kwenye maji. Huyo hupewa fedha kidogo kuliko wote. Lakini bila yeye wengine wote wangepotea porini.

Katekista mmoja wa zamani, ambaye sasa amelala katika Bwana, alinisimulia habari ya kijana wa namna hiyo. Naitaja kwa sababu kijana mwenyewe baadaye aliieleza mbele ya jumuiya yake. Kigango chao kilikuwa jirani na pori la akiba. Kanisa lao lilikuwa la nyasi, nalo lilivuja. Mwezi mmoja kabla ya masika, kijana huyo, ambaye hakuwa na shamba kubwa wala mifugo, alileta kanisani bati ishirini mpya. Watu walishangilia. Lakini katekista alijua, kama wengi walivyojua, kwamba wiki chache nyuma walipita wageni wenye gari, na kwamba kijana aliondoka nao usiku. Baraza la kigango liligawanyika. Wengine walisema: "Bati hazina dhambi. Mungu atajua mwenyewe." Katekista akamwita kijana kando, akamwambia: "Mwanangu, bati hizi zitavuja kuliko nyasi." Akamrudishia.

Masika yalikuja. Watu walisali huku wakilowa, na wengi walimlaumu katekista. Kijana alikasirika, asionekane kanisani mwaka mzima. Siku moja jioni alikuja nyumbani kwa katekista, akasema maneno machache: "Baba, nimeshindwa kulala." Alikuwa ameona ndama amesimama kando ya mzoga wa mama yake, asiondoke. Aliuliza swali lile lile la mtoto wa kitubio: "Nitamrudishaje?" Katekista hakuwa na jibu. Alimsindikiza tu mpaka ofisi ya wanyamapori, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Kijana alieleza njia, akaeleza kisima, akaeleza alivyosikia. Alifungwa. Faru yule hakufufuka. Lakini njia ile ilifungwa pia, na kisima kile kikapata walinzi.

Wapendwa, hilo ndilo jibu la kwanza la swali letu. Pale usipoweza kurudisha kitu kilichokufa, rudisha usalama wa kile kilichobaki. Jibu la pili twalipata katika kazi kubwa iliyofanywa katika nchi zetu kwa miaka mingi sasa, kazi ya kuwarudisha faru mahali walipotoweka.

Sikilizeni habari hii, maana inafanana na ile ya wana wa Israeli uhamishoni. Mwaka 1961 na 1962, faru wachache walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa katika hifadhi ya Addo, Afrika Kusini. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba ndugu zao waliobaki nyumbani wangekaribia kuangamizwa. Huko ugenini walizaa, na wazao wao wakazaa. Mwaka 1997, baada ya miaka 35 hivi, wajukuu wa wale wahamishwa walianza kurudi Afrika Mashariki: majike wawili waliletwa Ngorongoro, na wengine wanne wakaletwa Mkomazi. Mwaka 2010 watano wa ukoo ule ule walitua Serengeti, na Rais wa nchi akawapokea. Mwaka 2017 faru 18 walipelekwa kutoka Afrika Kusini hadi Akagera, nchini Rwanda, ambako faru wa mwisho alikuwa ameonekana miaka kumi nyuma. Mwaka 2019 wengine tisa waliletwa Serengeti.

Na wakati wanadamu walipokuwa bado wakipanga, Mungu alikwisha kuanza kwa njia yake. Mwaka 1994 faru dume mmoja aliondoka Ngorongoro peke yake, kwa miguu yake, akavuka nyanda mpaka miamba ya Moru, walikokuwa majike waliosalia. Watunzaji walimwita Rajabu. Kizazi cha Moru kikaanza upya. Mabaki madogo, wapendwa, hayadharauliwi na Mungu. Manabii walituambia hivyo zamani.

Lakini tusidhani kurudisha ni sherehe ya siku moja. Faru hupigwa sindano ya usingizi kutoka helikopta. Hufunikwa macho, huzibwa masikio ili asitaharuki, humwagiwa maji asizidiwe na joto, kisha huingizwa katika kasha kubwa akiwa nusu macho. Akifika hukaa bomani kwa majuma kadhaa, ajifunze majani ya nchi mpya na kuzoea mbung'o, ambao ugonjwa wao waweza kumuua mgeni. Baada ya hapo hufuatwa kila siku na askari wanaosoma nyayo zake.

Na hata hivyo yaweza kuharibika. Kati ya wale watano wa mwaka 2010, mmoja aliyeitwa George aliuawa na majangili mwezi wa Desemba mwaka ule ule, kabla hajamaliza mwaka katika nchi ya babu zake. Mwaka 2018 huko Kenya faru 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki. Maji waliyopewa yalikuwa na chumvi nyingi, nao kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Kumi walikufa, na aliyesalia akashambuliwa na simba. Hapa pana fundisho kwa kila atendaye mema: nia njema haitoshi. Upendo hupima maji kabla ya kumnywesha mgeni.

Baada ya msiba ule wangeweza kukata tamaa. Hawakukata. Mwanzoni mwa mwaka 2024 faru 21 walihamishiwa Loisaba, katika nyanda za Laikipia, mahali ambapo hawakuonekana kwa miaka 50. Leo Kenya ina faru weusi zaidi ya 1,000, na Afrika nzima ina zaidi ya 6,000. Tumshukuru Mungu. Lakini tukumbuke kwamba Zakayo aliahidi mara nne. Sisi hatujafikisha hata mara tatu ya wale 2,400 waliosalia, na tuna kama mmoja tu kwa kila kumi waliokuwapo mwaka 1970. Deni bado ni kubwa.

Kati ya wanaolilipa deni hilo kwa niaba yetu, niwataje askari wa wanyamapori. Wengi wao ni waumini wa parokia zetu. Hulala porini siku nyingi, mbali na wake na watoto wao, wakimlinda mnyama asiyejua hata kushukuru. Wengine hawakurudi nyumbani. Je, parokia yetu imewahi kuwaombea katika Misa? Je, jumuiya imewahi kubisha hodi kwa mjane wa askari aliyeuawa? Huko Ngorongoro alikuwako faru jike mzee aliyeitwa Fausta. Uzeeni fisi walimjeruhi na macho yake yakafifia. Tangu mwaka 2016 aliwekwa mahali pa ulinzi, akalishwa na kutunzwa mpaka alipokufa mwezi wa Desemba 2019, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 57. Mikono iliyomtunza ilimtii Mungu mpenda uhai, iwe ilijua au haikujua.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni: "Padre, faru ana mlinzi na daktari, na mwanangu hana zahanati." Ndugu yangu, hunung'uniki bure. Wamasai walihamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959 ili pawe hifadhi, na majirani wengi wa mbuga huona ndovu wakila mahindi yao bila kuona faida ya mbuga. Turudi tena kwa Zakayo. Hakurudisha tu alichoiba. Alitoa pia nusu ya mali yake kwa maskini. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, wala Bwana hakuyatenganisha. Wanaopata mapato ya hifadhi wasikie: haki kwa kiumbe wa porini isiyokuwa na haki kwa jirani wa pori ni toba ya nusu. Lakini na sisi majirani tusikie pia: dhuluma tuliyotendewa haitupi ruhusa ya kudhulumu. Kijana wa bati ishirini alikuwa maskini kweli. Wale waliomtuma hawakumwondolea umaskini wake hata kidogo.

Basi, wapendwa, tuondoke na nini leo? Makatekista, mnapofundisha amri ya saba, msiishie kwenye kuku na mihogo. Waambieni watoto kwamba kuna wizi ambao mwenye mali ni Mungu na wanaonyang'anywa ni watoto ambao hawajazaliwa. Viongozi wa vigango, ulizeni sadaka kubwa ya ghafla imetoka wapi kabla ya kuipigia vigelegele. Wazazi, mgeni akija usiku kuuliza njia ya maji, mjue mnaloulizwa. Na wewe uliyekwisha kuonyesha njia hiyo, usikae juu ya mti ukimtazama Yesu kwa mbali. Anapita leo. Anakuita kwa jina. Shuka.

Tuombe. Ee Mungu, mpenda uhai, ulituwekea viumbe vyako mikononi mwetu, nasi tumevirudisha pungufu. Utupe moyo wa Zakayo, ili tujute bila kujificha na turudishe bila kuchoka. Uwalinde walinzi wa mapori yetu, uwafariji wajane wao, uwashibishe maskini wanaoishi kando ya mbuga, na uwaongoze kwenye nuru wale wanaotembea usiku kwa hila. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.